Kupima kwa Sauti

Mimi hupima watu kwa sauti. Mteja akisimama mbele yangu, nasema jina lake, nasema ninapima wapi, nasema namba, kisha naandika kabla sijagusa sehemu nyingine. Wateja wangu hapa Kimemi, mjini Butembo, wamezoea. Wengine hunitania kwamba kwa Kavira unene wako unatangazwa mpaka barabarani, na kuna mama mmoja, jina silitaji, aliyehamia kwa fundi mwingine kwa sababu hiyo hiyo. Aende salama. Lakini mwezi uliopita aliingia dukani mtoto wa miaka saba aliyetakiwa kushonewa suruali ya shule, na nilipopiga magoti mbele yake nikaanza, “Kambale wa Kahindo, kiuno, hamsini na sita,” alimgeukia mama yake akauliza, “Mama, tantine iko anasema na nani?” Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, bado na vumbi la barabara ya Beni kwenye viatu. Akamjibu bila kucheka: “Iko anasema na kichwa yake.” Nilikuwa sijamwona Kahindo tangu mwaka ule wa Ebola. Mtoto wake mara ya mwisho nilimwona akiwa mgongoni, na meno manne.

Alikuwa amekuja kwa jambo lingine, suruali ilikuwa njia tu. Mtoto alipotoka kutazama pikipiki nje, Kahindo alinisogelea. “Kavira, huyu mutoto ananichokesha. Kila siku: mama, nilikuwa namna gani wakati niko mudogo, nilianza kutambaa wapi, nililia sana? Miye sina kitu ya kumuambia. Ile miezi yote haiko mu kichwa. Ugonjwa ilibeba. Njo nikasema, Kavira alikuwa anaandikaka. Ile cahier iko?” Nikamwambia nitaitafuta, arudi Jumamosi kuchukua suruali. Nilidanganya. Daftari lilikuwa kwenye droo ya mashini yangu, sentimita chache kutoka goti langu, na halijawahi kutoka humo tangu nilipofungua duka hili. Nilitaka siku nne za kujiuliza kama nitampa likiwa na ukurasa wake wa kwanza au nitauchana. Maana kwa miaka yote hii Kahindo amekuwa akiwaambia watu wa Beni kwamba kuna msichana wa Butembo aliyemwokoa mwanawe, na ukurasa wa kwanza unasema jambo lingine.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa na kiburi cha mtu anayejua kazi. Nilijifunza ushonaji kwa Mama Kavugho, fundi mkali, na sifa yangu kwake ilikuwa moja: niliweza kupima wanawake sita wa kwaya mfululizo, mabega, kifua, kiuno, urefu, bila kalamu, kisha nikaenda kukata vitambaa vyote sita kesho yake. Wenzangu walinichukia kidogo kwa hilo na mimi nilifurahi. Kisha nikaugua Ebola. Siku nilizolala kituoni sitazieleza hapa. Nitaanza siku niliyotoka na karatasi yangu ya kupona, watu wakapiga makofi langoni, nami nikapiga makofi pia bila kukumbuka ni nani tunayemshangilia. Nilidhani ni uchovu. Wiki ya kwanza nyumbani nilitia chumvi kwenye maharagwe mara tatu. Wiki ya pili nilisimama kwenye njia panda ninayoijua tangu utoto, kilo ya unga mkononi, nisijue ni kushoto au kulia, na nikaona aibu kuuliza nyumba yangu iko wapi. Maneno niliyoyatafuta yalikuja baada ya mazungumzo kuisha. Mtu akisema sentensi ndefu, mwanzo wake ulikuwa umefutika kabla hajafika mwisho. Nilikuwa kama ninayesikiliza redio iliyo nyumba ya tatu. Na hakuna aliyeweza kuona chochote, kwa sababu usoni nilikuwa nimeanza kunenepa na kila mtu alinipongeza.

Kwa Mama Kavugho niliharibu sketi mbili siku moja. Ya kwanza niliikata kwa vipimo vya mtu mwingine, ya pili niliikata miguu kama suruali, na wala sikucheka kama unavyocheka wewe sasa. Mama Kavugho alichukua mkasi mkononi mwangu polepole, akautundika ukutani. “Pumzika kwanza, binti yangu. Mukasi itakungoya.” Afadhali angenitukana. Alikuwa mtu wa kutukana, na alipoacha kunitukana nilijua nimekwisha. Jioni ile ile nilikuwa ndani, pazia limeshushwa, na wanawake wawili wa uani walikuwa wanachambua mboga ya lengalenga kwa ajili ya chakula. Mmoja akasema, “Ebola ilimuachia mwili, ikabeba akili.” Mwenzake akamkemea: “Hapana sema vile, atasikia.” “Atasikia, na atasahau.” Wakacheka kidogo, wakaendelea kuvunja mashina. Lengalenga ile niliila usiku na sikusahau. Hadi leo naweza kukuambia ilikuwa na mawese mengi mno.

Ndiyo maana walipotafuta waliopona wa kwenda kulea watoto Beni nilijiandikisha siku hiyo hiyo. Kazi ilikuwa hivi: mama akilazwa na Ebola, mtoto wake mchanga hawezi kubaki naye, na hawezi kupelekwa kwa jamaa maana huenda naye ameshashika ugonjwa. Lazima atazamwe siku ishirini na moja. Nani atambeba mtoto wa namna hiyo kifuani, amlishe, amfute kamasi? Sisi tu, tuliokwisha kuugua, ambao ugonjwa ulikuwa hautushiki tena kirahisi. Kwa mara ya kwanza tangu nipone kulikuwa na kitu ambacho mimi nakiweza na Mama Kavugho hakiwezi. Walipouliza kama nina tatizo lolote lililobaki, macho, viungo, kumbukumbu, nilisema hapana. Njiani, kwenye kizuizi cha kunawa mikono pale Kalunguta, yule kijana wa kupima joto aliniuliza naenda wapi. Nikamtazama. Nikamtazama tena. Dereva akajibu kwa niaba yangu, “Beni,” na mimi nikaguna kama mtu aliyeona swali halimfai.

Kreshi, ndivyo tulivyoita chumba kile, kilikuwa kirefu, kimegawanywa kwa mapazia ya plastiki, kila mtoto na kijumba chake na mlezi wake. Kulikuwa na harufu ya klorini mpaka kwenye chai. Mbele ya madirisha kulikuwa na uwanja mdogo wa changarawe, na ng’ambo ya uwanja vyumba vya wagonjwa vyenye kuta za plastiki inayoonyesha, hata mama aliyeweza kuinuka aliweza kumwona mwanawe akiinuliwa dirishani. Mimi nilipewa mvulana wa miezi minane, mama yake Kahindo, aliyelazwa chumba cha pili kutoka mwisho. Jirani yangu alikuwa Zaina, mke wa mfanyabiashara wa Beni, aliyepona kabla yangu, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, aliyenilazimisha kula maandazi yake kila asubuhi. Naye alikuwa na mvulana wa miezi minane au tisa, kutoka mashamba ya kakao ya Mabalako, mama yake Masika. Na sasa lazima nieleze jambo ambalo Mnande, mtu wa kabila letu, haelezwi: kwetu mvulana wa pili ni Kambale. Si kwamba watu wanapenda jina hilo. Ukizaliwa mvulana wa pili, wewe ni Kambale, ubishe usibishe, na mtaa mmoja unaweza kuwa na Kambale ishirini. Kwa hiyo mtoto wangu aliitwa Kambale, na mtoto wa Zaina aliitwa Kambale. Tuliwatenga kwa majina ya mama zao. Mtu mwenye kichwa kizima hahitaji zaidi ya hapo.

Mimi nilijificha kwa ujanja. Biberoni, zile chupa za maziwa, zilizokwisha nilizipanga dirishani nisizioshe mpaka jioni, ili nizihesabu. Mtu akiniuliza Kambale amekula saa ngapi nilicheka kwanza, nikatupa jicho dirishani, kisha nikajibu. Joto lilipimwa asubuhi na saa kumi alasiri, na kuandikwa kwenye fishi, karatasi iliyoning’inia kitandani. Mara mbili, labda tatu, nilijikuta na kalamu mkononi bila kukumbuka kipimo, na nikaandika thelathini na sita na nusu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kawaida yake. Niliandika hivyo kuhusu mtoto wa mtu. Kila jioni nilijiambia kesho nitasema, na kila asubuhi Zaina alinipa andazi na mtoto alinishika pua, nami nikawaza kwamba nikisema watanirudisha uani kwenye lengalenga.

Ilikuwa Jumapili. Zaina alitaka kwenda kuswali alasiri, akaniomba nimtazamie mwanawe dakika chache, na kwa kuwa ilikuwa saa ya kupima, nikamwambia aende, nitawapima wote wawili. Kanuni ilisema mlezi mmoja mtoto mmoja. Nilipima, nikanawa, nikaingia upande wa pili nikapima, kisha mtoto mmoja akaanza kulia, sijui yupi, nikatoka nje ya pazia kuchukua maziwa, nikarudi, nikaandika. Fishi ya kwangu: thelathini na sita na sita. Fishi ya Zaina: thelathini na nane na nne. Papa Kasereka, muuguzi wa zamu, alipita muda mfupi baadaye. Alisoma fishi ya kwangu akaendelea. Alisoma ya Zaina akasimama. “Huyu Kambale iko na moto. Trente-huit quatre. Tunamupeleka sasa hivi.” Kumpeleka maana yake ni upande wa wanaoshukiwa, kule watu walikosubiri jibu la damu, wenye ugonjwa na wasio nao, jengo moja. Zaina aliingia wakati huo, shungi bado limebana uso. “Mutoto wangu? Mais asubui alikuwa bien! Alikula yote!” Akamshika mtoto kifuani, na yule mtoto akacheka, akavuta shungi lake. Papa Kasereka alikuwa tayari anavaa glavu za pili.

Hapo ndipo niliposikia kishindo. Ng’ambo ya uwanja Kahindo alikuwa amesimama, yeye ambaye kwa siku tatu hakuwa ameinuka, anapiga ukuta wa plastiki kwa kiganja. Alipiga, akaweka mkono kwenye paji la uso wake, akapiga tena, macho kwangu. Nilimtazama mtoto wangu. Alikuwa amelala kimya mno, mashavu mekundu. Na nikajaribu kurudi nyuma, dakika kumi tu, nione mkono wangu ukishika kipima joto mbele ya uso mmoja na kusoma namba moja. Hapakuwa na kitu. Uso na namba vilikuwepo, havikushikana. Nakumbuka woga ule vizuri kuliko ninavyokumbuka ugonjwa wenyewe. Kama nilikosea na nikanyamaza, mtoto mzima wa Masika atabebwa kulazwa jirani na Ebola, na mtoto wa Kahindo atabaki hapa na homa yake, bila dawa, mpaka kesho asubuhi. Kama nikisema, nimekwisha mimi. Papa Kasereka alinyoosha mikono ampokee mtoto. Nikasema, “Papa Kasereka, ngoya. Sijue.” “Hujue nini?” “Sijue nilipima nani wa kwanza. Sikumbuke. Miye huwa nasahau, tangu nipone nasahau kila kitu, na sikuwaambia. Pima tena wote wawili. Tafazali.” Zaina alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akila na mwizi. Papa Kasereka alichukua kipima joto. Alipima. Kambale wa Masika: thelathini na sita na sita. Kambale wa Kahindo: thelathini na nane na saba. Ilikuwa imeshapanda.

Nilikwenda na Kambale wa Kahindo upande wa wanaoshukiwa. Sijui kama waliniruhusu au walichoka kunizuia. Walimtoa damu, wakampa dawa, wakangoja, wakamtoa damu tena siku ya tatu, na mimi nilikaa naye kifuani na sikula chochote isipokuwa uji alioniletea Zaina, akaniwekea kwa mbali bila kunisalimu. Damu ilisema malaria. Malaria ile ya kila nyumba, ambayo hata hivyo huua mtoto wa miezi minane asipopewa dawa siku ile. Nilirudi kreshi kuchukua begi langu, kwa kuwa nilijua nafukuzwa, na nikamkuta Papa Muhindo amekaa kwenye kiti changu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi zamani, na pale kituoni kazi yake ilikuwa kuzungumza na waliopona. Mimi nilikuwa nimemkwepa tangu siku ya kwanza.

“Nani alikuambia akili yako imekwisha?” aliniuliza. Nikamwambia wanawake wa uani. “Bale ni badocta?” Akanieleza, taratibu, akirudia kila jambo bila kunionyesha kwamba anarudia. Alisema wengi waliopona wanayo hali hii na wengi wanaificha, kwamba ugonjwa mkubwa huchosha ubongo kama plasta inavyodhoofisha mguu, na mguu uliotoka kwenye plasta huukimbizi wala huulazi, unauzoesha. “Weye uliukimbiza. Ulitaka kichwa ifanye kazi ya zamani siku ya kwanza. Na uliificha, donc hakuna mutu alikusaidia.” Hakunifukuza. Alizungumza na wakubwa wake, sijui alisema nini, wakanibakisha kwa masharti: mtoto mmoja tu, kulala saa moja kila mchana, jambo moja kwa wakati mmoja, kila ninachofanya nikiseme kwa sauti na jina la mtoto na la mama yake, kisha niandike hapo hapo. Vipimo alivihakiki Papa Kasereka mwenyewe kwa wiki mbili. Papa Muhindo akatoa daftari la shule, jalada la bluu, akalifungua mbele yangu. “Anzia Jumapili. Andika yote.” Nilimwomba nianzie leo. “Hapana. Ukianzia leo, utaendelea kujificha.” Ukurasa ule ulinichukua mchana mzima. Machozi yamefuta mstari mmoja, lakini unasomeka.

Baada ya hapo daftari lilijaa. Kambale wa Kahindo, saa mbili, biberoni, ameacha kidogo. Kambale wa Kahindo, jino la juu, limechomoza upande wa kushoto. Kambale wa Kahindo ametambaa, kuelekea ndoo ya klorini, nimemkamata mguu. Nilipoanza niliandika kila dakika kumi, kwa sababu zaidi ya hapo kila kitu kilimwagika. Papa Muhindo alinipa vitu viwili vya kukumbuka kutoka asubuhi hadi chakula cha mchana, kisha vitatu, na nikishindwa alinirudisha kwenye viwili bila kupiga kelele. Kulikuwa na siku nilizorudi nyuma kabisa, hasa nikikosa usingizi, na siku hizo nilimtukana Papa Muhindo kimoyomoyo na mara moja kwa mdomo. Zaina alinisamehe wiki ya tatu. Aliweka andazi dirishani, akasema, “Andika: Kavira amekula.” Masika alifariki, na Kambale wake akarudi Mabalako na bibi yake, mzima, mnene. Kahindo alipona. Alitoka dhaifu, hawezi kumbeba mtoto ngazi moja, na mimi nilikaa nao nyumbani kwao Beni miezi iliyobaki ya mwaka, nikimbeba na kuandika. Watu walimwambia kwamba msichana huyu hakumwacha mtoto hata kwenye nyumba ya wanaoshukiwa, naye akanishika mikono miwili akasema kwa Kinande, “Wasingya, wasingya,” akilia, na mimi nikapokea shukrani hiyo. Sikumwambia habari ya Jumapili ile. Niliporudi Butembo mkasi wangu ulikuwa bado ukutani. Wanawake sita bila kalamu sikuweza tena, na siwezi hadi leo.

Jumamosi Kahindo alikuja na mtoto. Suruali sikuwa nimeikata. Kitambaa kilikuwa mezani kama alivyokiacha, na juu yake daftari, zima. Nikamwambia kwamba kabla hajalichukua kuna ukurasa nitausoma mimi mwenyewe. Mtoto akakaa chini, miguu mbele, akijua kwamba ni hadithi yake. Nikasoma kwa sauti yote: kuswali kwa Zaina, fishi mbili, thelathini na nane na nne mahali pasipo pake. Nikasoma pia vipimo nilivyobuni kabla ya siku ile, kwa kuwa Papa Muhindo alinifanya nivitaje. Nilipofika pale aliposimama na kupiga plastiki, Kahindo alininyamazisha kwa mkono. “Miye nilipiga?” “Ulipiga. Ulinionyesha paji la uso. Uliona kosa langu kabla yangu.” Akatikisa kichwa polepole. “Sikumbuke. Pengine nilikuwa nataka maji. Pengine kichwa iliniuma.” Akamtazama mtoto. Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba yeye ndiye aliyenilazimisha kusema. Nikamaliza ukurasa, nikafunga, nikasema, “Naomba musamaha, Mama Kambale. Nilipaswa kukuambia wakati ule.”

Alichukua daftari, akalifungua katikati, akasoma midomo ikicheza, na nikaona mahali alipofika kwa sababu alimshika mtoto kidevu akamfungua mdomo kutazama jino la juu, upande wa kushoto. Lilikuwa limeng’oka, pengo tu. Alicheka na kulia pamoja. Kisha akalitia daftari kwenye mkoba, akafunga zipu, akamsukuma mtoto mbele yangu. Uso wake ulikuwa mgumu bado, lakini si wote.

“Umupime tena,” akasema. “Na mara hii miye naangalia.”

Nikapiga magoti. “Kambale wa Kahindo,” nikasema, “kiuno.” Alikuja akasimama juu yangu, akasoma namba pamoja nami. Hamsini na sita.